Kompyuta Kuukuu Inayojikokota: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Mezani pa Fundi

Meza yangu iko ghorofani, hatua chache kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Kila siku naletewa laptopu ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Nyingi ni zile zilizotumika kwenye ofisi za Ulaya kabla ya kuletwa huku, zile tunazoziita ex-UK. Maswali huwa ni yale yale, na nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Kama una muda wa kusoma moja tu, soma la 4. Hilo limewazuia wengi kununua mashine mpya bila sababu.

## Kwa nini inajikokota?

1. Fundi, si kompyuta ikizeeka lazima iwe nzito?

La. Prosesa hupiga hesabu kwa kasi ile ile siku ya kwanza na mwaka wa kumi. Kinachobadilika ni mzigo unaoibebesha: tovuti zimekuwa kubwa, programu zimeongezeka, diski imejaa, na vumbi limeziba njia ya hewa hadi prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kila moja ya hizo ina dawa yake, na dawa nyingi ni nafuu kuliko laptopu nyingine.

2. Nitajuaje tatizo liko wapi kabla sijamlipa mtu?

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Washa mashine, usifungue chochote, subiri dakika tano, kisha tazama safu tatu za juu: CPU (yaani prosesa), Memory (yaani RAM) na Disk.

Diski ikiwa 100% na inabaki hapo hapo, nenda swali la 4. Memory ikipita 85% ukiwa umefungua kivinjari tu, nenda la 5. CPU ikiwa juu huku feni ikinguruma, soma la 3, kisha la 16. Na kama zote tatu zimetulia lakini tovuti hazifunguki, huenda mashine haina kosa. Jaribu tovuti hizo hizo kwenye simu ukitumia waifai hiyo hiyo.

3. Inapata moto, na feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi. Itaharibika?

Haitaharibika leo, lakini usiiache hivyo. Juzi mwalimu mmoja wa Kayole aliniletea laptopu iliyokuwa ikizimika katikati ya kuandaa mitihani. Nilipofungua kifuniko cha chini, feni ilikuwa sawa kabisa. Nyuma yake, pale hewa inapotokea kupita kwenye mapezi ya shaba, vumbi lilikuwa limeshikana likawa kama kipande cha blanketi la kijivu. Nililishika kwa kibano likatoka zima, unene wa kidole. Mwalimu akasema huwa anafanyia kazi kitandani. Nyuzi za blanketi lake ndizo zilizokuwa humo ndani.

Nikafuta pasta ya joto iliyokauka juu ya prosesa, nikapaka mpya kiasi cha punje ya dengu, nikafunga. Haijazimika tena.

Safisha mara moja kwa mwaka, au mara mbili kama unakaa kando ya barabara ya murram. Ukipuliza kwa blowa, zuia feni isizunguke kwa kuiwekea kijiti, maana ikizungushwa kwa nguvu huharibika bearing zake. Na weka laptopu juu ya meza, au hata juu ya sinia, kuliko kitandani.

## Vipuri vinavyobadilisha mambo

4. Nikiwa na pesa za kubadilisha kitu kimoja tu, nibadilishe nini?

Diski. Nasema hivi bila kusita, kwa sababu sijaona kipuri kingine kinachomshangaza mteja namna hii.

Laptopu nyingi za kabla ya mwaka 2016 zilikuja na diski ya kuzunguka. Humo ndani kuna sahani inayozunguka na mkono mdogo unaotembea juu yake kutafuta data. Kila utafutaji huchukua takriban milisekunde 10 au zaidi. Windows inapowaka hutafuta faili ndogo ndogo maelfu, na hapo ndipo dakika zako zinapoishia. Badala yake weka SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, isiyo na kitu kinachozunguka. Hupata faili hiyo kwa sehemu ndogo sana ya muda huo, na husoma hadi karibu megabaiti 500 kwa sekunde pale ambapo diski ya zamani husoma kama 100.

Wengine huniambia laptopu yao ni ya 2010, kwa hivyo SSD itabanwa na njia ya zamani ya SATA, ile inayounganisha diski na bodi. Ni kweli kasi ya juu itabanwa, lakini faida kubwa haiko hapo. Iko kwenye ule utafutaji, na huo haubanwi. Nunua ya inchi 2.5 ya SATA, gigabaiti 240 au 256, inatosha watu wengi.

Data yako inaweza kuhamishwa yote kama ilivyo kwa programu kama Clonezilla. Lakini kama diski ya zamani inatoa mlio wa tik-tik, au programu ya CrystalDiskInfo inaionyesha kwa rangi ya manjano au nyekundu, nakili faili zako muhimu leo kabla ya jambo jingine lolote. Diski ya namna hiyo inaweza kukataa kuwaka kesho.

5. RAM je? Niliambiwa ndiyo dawa ya kila kitu.

RAM ni kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua, ile Memory ya swali la 2. Ni dawa ya tatizo moja: kazi nyingi kwa wakati mmoja. Gigabaiti 4 kwa Windows 10 na kivinjari chenye kurasa kumi ni kubanana kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Gigabaiti 8 zinatosha kazi za kawaida za ofisi na shule.

Kabla ya kununua, fungua Task Manager, upande wa Performance, bofya Memory. Itakuonyesha nafasi za RAM ziko ngapi na ngapi zimejaa. Kisha hakikisha aina: DDR3 haiingii penye DDR4, na laptopu nyingi za kuanzia 2013 hivi hadi DDR4 ilipoenea zinataka DDR3L, inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5. Nyingine, hasa zile nyembamba, RAM imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Muulize fundi aifungue mbele yako.

6. Nitajuaje sijauziwa bandia, au kipuri changu hakijabadilishwa?

Hili linaniuma. Nimepokea laptopu ambayo mwenyewe aliiacha mahali ikiwa na gigabaiti 8 za RAM, akarudishiwa ikiwa na 4, na hakujua kwa miezi mitatu. Alidhani tu imezeeka.

Kabla ya kuiacha popote, piga picha ya skrini inayoonyesha RAM na ukubwa wa diski, na picha ya namba ya utambulisho (serial number) iliyobandikwa chini. Ukirudi, angalia kabla ya kulipa. Kwa SSD na flashi diski za bei ya kushangaza, tumia programu ya bure ya H2testw. Hujaza diski yote kisha huisoma upya. Ile inayojidai ni gigabaiti 512 kumbe ni 32 hukamatwa hapo. Fundi mwaminifu hakasiriki ukikaa karibu na meza yake ukitazama.

7. Kuna mashine nisiyopaswa kuitilia pesa?

Ndiyo. Ikiwa bodi imeingiwa na maji na imeanza kuota kutu, au skrini, kibodi na betri vyote vimekufa pamoja, gharama itakushinda. Tazama pia swali la 18 kuhusu mashine za biti 32, yaani zenye prosesa za aina ya zamani.

## Windows, Linux na masasisho

8. Mimi nilizima masasisho kwa sababu yanakula bando. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani kwenye Windows. Mei mwaka huo huo virusi vya WannaCry vikaingia kupitia tundu hilo hilo, vikafunga faili za watu katika nchi nyingi, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha.

Badala ya kuzima, yapangie muda. Kwenye mipangilio ya waifai ya Windows, iambie kwamba intaneti hiyo inapimwa, yaani washa kitufe cha Metered connection. Masasisho mengi yatasubiri. Kisha ukiwa penye waifai ya bure au bando la usiku, kizime na uache yapakuliwe. Masasisho makuu hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu huwa ni saa mbili au saa tatu usiku. Wikendi inayofuata ni wakati mzuri wa kuyachukua.

Na usiogope ukiwa umeruka miezi. Sasisho la mwezi huu hubeba ndani yake ya miezi iliyopita, kwa hivyo huhitaji kuyafuata moja moja. Kama nyumbani au ofisini mna kompyuta kadhaa, washa Delivery Optimization kwa mtandao wenu wa ndani, ili moja ikishapakua izigawie nyingine.

9. Ni kweli Windows 10 imekwisha?

Ndiyo. Msaada wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka, lakini matundu mapya hayatazibwa. Windows 7 ilishakoma tangu 14 Januari 2020, na bado naletewa kila wiki.

Kuna muda wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, unaofikia 13 Oktoba 2026. Lazima uwe na toleo la 22H2 la Windows 10, na uingie kwa akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi kitu. Vinginevyo ni dola 30. Mlango wa kujiandikisha uko ndani ya ukurasa wa Windows Update. Muda huo utumie kuamua kati ya jibu la 10 na la 11.

10. Windows 11 itaingia kwenye laptopu yangu?

Angalia namba ya prosesa. Kwa Intel, tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi, au mbili za kwanza kama namba ina tarakimu tano: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64. Ex-UK nyingi ninazoziona ni za kizazi cha 4 hadi cha 7, kwa hivyo zinaachwa nje.

Mafundi wengi huipitisha kwa nguvu kwa programu ya Rufus, inayoondoa ukaguzi huo. Inafanya kazi, lakini Microsoft haikuahidi kuendelea kuipa mashine hiyo masasisho, na matoleo makubwa ya kila mwaka utayaingiza kwa mkono. Akikufanyia bila kukueleza hilo, amekukosea. Kwa prosesa za zamani za Core 2 Duo usijaribu hata kidogo. Toleo la 24H2 la Windows 11 halitawaka kabisa humo.

11. Hiyo Linux mnayoisifu, ni ya watu wa kawaida kweli?

Ndiyo. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, na nimemwekea mama anayeuza nguo Gikomba akauzoea ndani ya wiki moja. Ninayoipendekeza ni Linux Mint, toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Ni ya bure, haihitaji leseni iliyovunjwa, inaanza na RAM ya gigabaiti 2 ingawa 4 ni bora, na ina kitufe cha menyu kona ile ile uliyoizoea. Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itapata masasisho hadi 2029. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi kwa laptopu iliyosemekana imekufa.

Usiiingize mara moja. Iweke kwenye flashi ya gigabaiti 8, washa mashine kupitia flashi hiyo, utaitumia bila kugusa chochote kilicho kwenye diski. Jaribu waifai, sauti, kamera na printa yako. Vyote vikikubali, nakili faili zako pembeni ndipo uisakinishe. Ikiwa moyo bado una wasiwasi, inaweza kukaa pamoja na Windows ukawa unachagua kila unapowasha.

12. Na iTax, eCitizen, Word na kazi zangu nyingine?

Chochote kinachofunguka ndani ya kivinjari hakijali ni Linux au Windows: tovuti za serikali za eCitizen na iTax, barua pepe, WhatsApp ya kompyuta. Hati za Word na Excel hufunguka kwa programu ya bure ya LibreOffice. Penye shida ni faili za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), zikiwemo fomu za ushuru. Jaribu yako mapema, usingoje usiku wa 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani. QuickBooks ya kusakinisha haina toleo la Linux. Kama biashara yako inaitegemea, baki Windows.

13. Stima imepotea katikati ya sasisho. Nimeiua?

Mara nyingi hapana. Windows ikiwaka tena huondoa ilichokuwa imeanza na kurudi ilipokuwa. Inaweza kuchukua saa nzima kwenye diski ya kuzunguka, na kosa kubwa ni kuizima tena kwa sababu umechoka kusubiri. Ikishindwa kuwaka mara tatu mfululizo, italeta ukurasa wa kujirekebisha. Humo tafuta sehemu ya kuondoa sasisho la mwisho.

Kwa laptopu, anza sasisho betri ikiwa imejaa na chaja iko ukutani. Kwa kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya akiba), angalau usianze mvua ikinyesha. Sasisho la BIOS, programu ya kwenye bodi inayoiamsha kompyuta, ndilo la kuogopwa: stima ikikatika hapo, bodi inaweza kufa. Usiliguse ila kuna sababu.

## Usafi wa kila siku

14. Programu za kuongeza kasi na kusafisha rejista zinasaidia?

Ziondoe. Zile zinazojidai kusasisha madereva (drivers, programu ndogo zinazoendesha vifaa) pia. Nyingi huja na matangazo, nazo zenyewe ni mzigo. Kazi halisi ya kusafisha iko ndani ya Windows tayari: Storage Sense kwenye mipangilio, na ile sehemu ya Startup kwenye Task Manager, unapozima programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi bila kuitwa.

15. Huwa naizima kila usiku, mbona asubuhi bado nzito?

Kuanzia Windows 8, kuzima si kuzima kabisa. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili iwake haraka, na uchafu wa jana hurudi nayo. Chagua Restart mara moja kwa wiki. Ni jambo dogo, na nimeona likiponya mashine iliyokuwa haijawashwa upya kwa miezi miwili.

16. Nahitaji antivirus ya kununua?

Kwa watu wengi, Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha, mradi masasisho hayajazimwa. Antivirus mbili kwa pamoja hugombana na kula RAM. Hatari iliyo kubwa zaidi ni Windows na Office zilizovunjwa leseni kwa programu za kuiwezesha, zile ambazo kwanza zinakuomba umzime mlinzi, yaani Defender. Mtu anayekuomba uzime mlinzi kabla ya kuingia nyumbani, ungemfungulia?

17. Nilichapisha karatasi saiba, sasa folda zote za flashi zina kimshale na hazifunguki.

Usibofye kimshale hata kimoja. Ni virusi vya njia za mkato: vimeficha folda zako halisi na kuweka sanamu zake. Faili zako bado zipo. Ifanyie flashi ukaguzi kwa Defender, kisha fungua dirisha la amri na uandike, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza. Zinakili, kisha fomati flashi. Siku nyingine, jitumie hati kwa barua pepe na uifungulie pale saiba, ukikumbuka kutoka kwenye akaunti.

## Mambo ya pembeni

18. Kompyuta yangu ni ya biti 32. Kuna njia?

Njia fupi. Windows 11 na Mint 22 haziingii. Debian 12, aina nyingine ya Linux, ndiyo ya mwisho katika matoleo ya Debian kuwa na kisakinishi cha biti 32. Itakufaa kwa kuandika na kusikiliza muziki, lakini usiitegemee kwa benki. Kwanza thibitisha: mashine nyingi za 2008 kuendelea ni za biti 64 zilizowekewa Windows ya biti 32 tu.

19. Kila tovuti inaniambia si salama, na saa inarudi nyuma miaka.

Betri ndogo ya bodi imekwisha, ile ya duara ya CR2032. Kila tovuti ina cheti chenye tarehe. Kompyuta ikiamini ni mwaka 2012, inakiona cheti hicho kuwa hakijaanza kutumika. Betri hiyo hupatikana hata kwa fundi wa saa, na kwenye kompyuta ya mezani unaibadilisha mwenyewe. Laptopu nyingine zina betri yenye waya, hiyo mwachie fundi.

20. Padi ya kipanya imeinuka na kifuniko hakifungi vizuri.

Betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Litiamu ikishika moto haizimiki kirahisi. Lete itolewe. Laptopu nyingi zitafanya kazi bila betri ukiwa penye stima, huku ukitafuta nyingine.

21. Nimeamua kuiaga. Niiuze au niitupe?

Kwanza nakili vyako, kisha tumia sehemu ya kuirudisha Windows upya, uchague kuondoa kila kitu pamoja na kusafisha diski. Kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakutoshi, nimerudisha picha za harusi kutoka diski zilizofutwa hivyo. Kama ilikuwa ya biashara na ina majina na namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana wewe, si mnunuzi.

Kama haiuziki, usiiache jaani. Bodi inaweza kuwa na madini ya risasi (lead), na watoto huchoma waya kupata shaba. Hapa Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za elektroniki, betri zilizovimba zikiwemo, lakini wapigie simu kwanza wakueleze namna ya kuzibeba. Na kabla hujaipeleka, toa RAM na chaja. Kuna mtu anazitafuta Luthuli leo.